Madamu, ameshasoma?

Insha ya mwanafunzi wa shule ya kata ina msomaji mmoja tu, mwalimu wake, na huyo naye hasomi, anasahihisha. Madaftari yamejaa mezani, kalamu nyekundu iko mkononi, kengele ya kipindi kinachofuata inakaribia. Mtoto analijua hilo tangu shule ya msingi, ndiyo maana anaandika kitu cha kusahihishwa: utangulizi mistari minne, kiini aya tatu, na hitimisho linaloanza na "Kwa kumalizia napenda kusema kwamba". Insha ya "Umuhimu wa elimu" nimeisoma mara nyingi mno, hata ukiniamsha usiku wa manane nitakughania bila daftari. Elimu ni ufunguo wa maisha. Halafu ufunguo wenyewe haufungui chochote, insha imekwisha.

Nafundisha Kiswahili Pangani, mkoa wa Tanga, shule ya kutwa. Baadhi ya wanafunzi wangu wanaishi Bweni, ng'ambo ya mto, na asubuhi wanavuka kwa pantoni pamoja na bodaboda, magunia ya nazi na akina mama wanaokwenda sokoni. Hawa ni watoto wenye maneno. Kaa nao kivukoni uwasikilize: mmoja anasimulia jinsi jirani alivyofukuzwa na nyuki, mwingine anamkatiza, wa tatu anasema wote wawili waongo, kulikuwa hakuna nyuki. Waingize darasani uwape karatasi. Kimya. Mistari minne, aya tatu, ufunguo wa maisha.

Darasani kwangu kilichowatoa kwenye kimya hicho ni simu. Simu yangu, si zao. Mwanafunzi haruhusiwi kuja na simu shuleni, nami sina ugomvi na katazo hilo, nimeshaona mengi. Kwa hiyo nikisema tunatumia mitandao kufundishia uandishi, usifikirie vijana wameinamia skrini. Vifaa vyetu ni simu yangu iliyopasuka kioo pembeni, kishikwambi nilichokabidhiwa kama walimu wenzangu baada ya Sensa ya Agosti 2022, kompyuta chache za shule ambazo umeme ukikatika zinabaki kuwa mapambo, na simu za wazazi huko majumbani. Zenye WhatsApp zina kazi yake, na vitochi navyo vina kazi yake, nitafika huko.

Kundi la wazazi lilizaliwa 2020, shule zilipofungwa mwezi Machi kwa ajili ya corona. Walimu wengi tulifungua makundi wakati ule ili tuwatumie watoto maswali. Shule zilipofunguliwa mwishoni mwa Juni maswali yakaisha, kundi likabaki na shughuli za makundi yote ya WhatsApp nchini: michango, misiba, picha ya waridi yenye "Asubuhi njema wapendwa", na ule ujumbe wa usipowatumia watu kumi utapatwa na balaa. Humo ndimo nilimotupia insha ya kwanza. Niliwataka Kidato cha Pili waeleze kitu kinachotengenezwa nyumbani kwao, na kijana mmoja akaeleza dema la babu yake, lile tego la kusuka la kuvulia samaki. Haikuwa insha nzuri. Niliichagua kwa sababu katika rundo zima ndiyo pekee ambayo sikuwa nimewahi kuisoma. Nikaomba ruhusa yake na ya mama yake, nikaipiga picha, nikaituma bila jina.

Kabla ya magharibi zikaanza kuingia sauti. Mzee mmoja ambaye tangu aingizwe kwenye kundi hakuwahi kutia neno, hata kwenye misiba, akatuma sauti ndefu. "Mwalimu, mtoto kasema kweli, lakini dema halitupwi hivihivi. Lazima utazame mkondo unakwenda wapi, ndipo ujue mlango uelekee wapi. Na chambo hakukisema. Dema bila chambo ni kapu." Mwingine akabisha juu ya chambo, akasema samaki wengine huingia kutafuta kivuli tu. Mama mmoja akawaambia wote wawili kwamba hawajalowesha miguu baharini tangu enzi za Mwinyi, wanyamaze. Ubishi ukaenda mpaka isha.

Kesho yake niliwasikilizisha darasa zima. Wakacheka, wakataka warudiwe. Mwenye insha hakucheka. Kipindi kilipokwisha akanifuata akaomba daftari lake, anataka kuandika upya. Katika kazi hii nimeombwa ruhusa ya kwenda chooni, ya kwenda kwenye msiba, ya kwenda kuchukua daftari lililosahaulika Bweni. Ya kurudia insha sikuwa nimewahi kuombwa. Alikwenda kwa yule mzee, akauliza, akarudi na kurasa zilizokuwa na mkondo, mawe ya kulizamishia, namna ya kulitambua dema lako chini ya maji, na aya nzima ya chambo iliyoanza: "Wapo wanaosema". Alama nilizompa mara ya kwanza hazikumgusa. "Chambo hakukisema" ilimgusa.

Sifa humfurahisha mwanafunzi siku moja. Ubishi humrudisha kwenye karatasi. Hilo ndilo nililoliona, na karibu kila nilichofanya baadaye kinatokana nalo. Wazazi niliwaomba wasitume dole gumba, wala moyo, wala ile mikono iliyounganishwa ambayo hata leo sielewi kama ni shukrani au ni dua. Nikawaambia ukisoma kazi ya mtoto uliza swali moja, au bisha. Wengine waliona haya kumbishia mtoto wa mwenzao mbele za watu, lakini haya hiyo haikudumu. Watu wa Pangani kubisha hawafundishwi.

Basi ikawa kila ninapotoka ofisi ya walimu kuna kichwa kinachungulia mlangoni. "Madamu, ameshasoma?" Wamejifunza kwamba ukiubonyeza ujumbe wako na kushikilia kidole, WhatsApp inakuonyesha umemfikia nani na nani ameusoma. Tiki za bluu kwao zina uzito kuliko tiki zangu nyekundu. Binti mmoja aliandika namna shangazi yake alivyomfundisha kupika mkate wa kumimina kabla hajaenda Muscat kufanya kazi, kuanzia kuloweka mchele mpaka kuupalia moto juu. Nikaituma kwa simu ya mama yake, mama akamsogezea shangazi. Muscat wametutangulia saa moja tu, lakini shangazi ana zamu, na siku nzima ile yule binti alikuwa akinitazama usoni kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Jibu likaja asubuhi: "Mwanangu nimelia. Lakini iliki umeiacha wapi?" Akaandika upya. Iliki ikaingia, pamoja na ugomvi wao wa siku ile juu ya tui, ambao mwanzoni aliuficha kwa kuona si mambo ya insha.

Wapo ambao kalamu inawafia mkononi hata wakiahidiwa msomaji. Hao nawaanzia na sauti. Tunakaa kwenye kibaraza nyuma ya maabara, nashika simu, anasimulia. Dakika mbili, tatu. Kisha anajisikiliza mwenyewe na kuandika alichosema, neno kwa neno, bila kupamba. Ni kazi ya kuchosha, inabidi kurudisha nyuma kila mara, na wote wakijisikia mara ya kwanza huona aibu: "Madamu, hiyo si sauti yangu." Lakini mwisho wa kipindi mtoto aliyekuwa akitoa mistari minne ana kurasa mbili zilizoandikwa kwa mkono wake. Ndipo kazi yenyewe inapoanza, maana kurasa hizo zimejaa "yaani", "basi", "sasa eti", "si unajua", na sentensi moja inayotoka Bweni hadi Mkwaja bila kituo.

Hapo ndipo nilipofundishia uakifishaji, mada ambayo kwenye kitabu huchukua vipindi na bado haiingii. Nacheza sauti. Umepumua hapa, sikia. Weka nukta. Hapa umesita kidogo, weka mkato. Na hapa umebana pua kumwigiza bibi yako. Msomaji hakuoni pua, kwa hiyo fungua alama za usemi, na bibi akimaliza zifunge. Hakuna mtoto aliyewahi kuniuliza alama za usemi ni za nini baada ya kujisikia akimwigiza bibi yake.

Nilijaribu pia ile njia ya mkato, simu iandike yenyewe. Google waliingiza Kiswahili kwenye kuandika kwa sauti mwaka 2017, na mtu akitamka vizuri inakwenda. Wanafunzi wangu hawatamki kama msomaji wa taarifa ya habari. "Ngalawa" ilitoka kila mara kwa sura mpya, "bamvua" ikawa mambo mawili tofauti yasiyohusiana na bahari, na maandishi yote yakaja bila nukta hata moja. Nikaona hii ni zawadi. Nikayanakili ubaoni jinsi yalivyo, nikawaambia huyu ni mwanafunzi mgeni, msahihisheni. Sijawahi kuona darasa likisahihisha kwa ukali ule. Mmoja aliandika pembeni, kwa kalamu nyekundu aliyoazima kwangu: "Ongeza bidii."

Ofisini kwetu lawama dhidi ya simu ni moja: inaharibu lugha. Mtoto anaandika "xaxa", "cjui", "m2", "k2", "bac". Mimi wala sipotezi usingizi kwa hayo. SMS ilikuwa na nafasi ya herufi 160, na kila SMS ililipiwa, watu wakabana maneno. Kabla yake kulikuwa na simu ya maandishi, iliyolipiwa kwa idadi ya maneno, na kubana huko tulikufundisha darasani: NJOO HARAKA BABA MGONJWA. Muhtasari wa somo nilioanza nao kazi bado ulikuwa na mada hiyo, nikiwafundisha watoto ambao hawajawahi kuona simu ya maandishi wala hawatakuja kuiona. Kwa nini kubana kwa posta kuwe somo la mtihani na kubana kwa kitochi kuwe uharibifu?

Kwa hiyo tuna zoezi ninalolipenda kuliko yote. Habari moja, iandike mara tatu. Mara ya kwanza SMS kwa rafiki, isizidi herufi 160, fupisha utakavyo ilimradi aelewe. Mara ya pili ujumbe wa WhatsApp kwa mama mdogo aliye mbali. Mara ya tatu barua rasmi kwa mkuu wa shule, yenye anwani mbili, kumbukumbu namba na yah. Zile SMS huwa natuma kweli kwa wazazi wenye vitochi, na wao hujibu, tena kwa ufupi wa kutisha. Baba mmoja hujibu "Sawa" kwa kila kitu, mpaka siku mwanawe alipoandika kwamba mbuzi amevunja uzio akala mihogo ya jirani. Akajibu: "Yupi".

Na hapa niseme jambo ambalo wenzangu huwa hawalipendi. Anayeandika "xaxa" anajua kabisa kwamba ni "sasa", muulize, atakuambia. Anayeandika "amna" badala ya "hamna", "uwa" badala ya "huwa", "ela" badala ya "hela", au anayebadilisha r na l mpaka wananchi wanakwenda "kupiga kula", huyo hajui. Makosa hayo hayakuletwa na simu. Yako kwenye mabango ya maduka, kwenye migongo ya daladala, na siku moja niliyaona kwenye tangazo lililobandikwa nje ya ofisi ambayo sitaitaja. Simu imeyaanika tu mahali ninapoyaona. Mtoto akituma "amna" kwenye kundi, kuna bibi wa watu wa Pangani ya zamani atakayemjibu kwa sauti: "Hamna, mjukuu wangu. Pumua. Ha." Mimi ningetumia kipindi kizima.

Sasa mashairi, maana hapa ndipo nilipofaidi mwenyewe. Kuna mwalimu mwenzangu wa Kwale, upande wa Kenya, tuliyejuana kwenye kongamano la Kiswahili tukabadilishana namba. Tulikubaliana wanafunzi wake na wangu wajibizane kwa tarbia. Mishororo minne, mizani kumi na sita, nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho, ubeti mmoja kwa juma. Ubeti ukivunja mizani unarudishwa bila kujibiwa, na aibu ya kurudishiwa ubeti na watu wa ng'ambo ya mpaka imefanya kazi ambayo fimbo yangu ya ubaoni haikuweza. Wa Kwale walituma kwanza, wakiwa wameimba kwa sauti, na chini wakaandika:

Wapangani nauliza, jibuni bila kuchoka,
Swali langu la kuwaza, halitaki kuropoka,
Mto unapojijaza, na bahari ikafika,
Maji yakishatatiza, ni ya nani kwa hakika?

Darasa langu likagawanyika. Kuna waliosema ya mto, kwani jina ni Mto Pangani na unatoka huko Kilimanjaro na Meru. Kuna waliosema ukionja ni chumvi, basi ya bahari, hakuna kesi. Walibishana kwenye pantoni, wakabishana kwenye foleni ya uji. Wakahesabu silabi kwa vidole vya mikono yote miwili, mizani tisa, toa moja, mizani saba, ongeza. Jibu lililokwenda liliandikwa na binti anayevuka kutoka Bweni:

Swali lako nasikia, jibu liko mkononi,
Maji nayaangalia, nikiketi kivukoni,
Yakijaa na kungia, bahari i ugenini,
Yakipwa na kukimbia, mto wenda safarini.

Ukitazama vizuri, hakujibu swali. Kwale waliliona hilo mara moja, wakatuma ubeti wa kudai jibu kamili, na mjadala huo uliendelea muhula mzima. Lakini "bahari i ugenini"! Hiyo "i", yaani "iko", mimi sikuifundisha. Alipoulizwa aliitoa wapi, alisema bibi yake huimba hivyo kwenye harusi.

Wanaosema kujibizana mtandaoni ni tabia mpya ya vijana wangepitia magazeti ya zamani. Mambo Leo lilianza 1923 na kurasa zake zilipokea mashairi ya wasomaji kutoka kila pembe. Mtu wa bara anauliza, mtu wa pwani anajibu, na jibu linafika baada ya majuma. Shaaban Robert, ambaye alikuwa karani wa forodha hapahapa Pangani miaka yake ya ujana, alikuwa miongoni mwa waliopeleka mashairi yao humo. Na barua alizomwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge kati ya 1931 na 1958 zimechapishwa, unaweza kuzisoma. Wanafunzi wangu nikiwaambia kwamba mtu huyo alikuwa akitembea kwenye barabara hiihii wanayonunulia maandazi, wanatazama nje dirishani.

Mambo Leo lilikuwa na mhariri, na kundi la WhatsApp halina. Kwa hiyo mhariri ni mimi. Kwangu hakuna kinachotoka kikiwa rasimu ya kwanza. Kwanza karatasi, kisha mwenzako wa dawati aisome na kuandika pembeni maswali mawili, kisha uandike upya, kisha uchape kwenye kishikwambi, ndipo niitume. Wanaona ninawachelewesha. Nawachelewesha kweli. Ule ubaya wa mitandao tunaoulalamikia watu wazima unatoka kwenye kutuma upesi kuliko kitu kingine chochote, na sisi wenyewe ndio tunaoongoza.

Jaribio la Wikipedia ya Kiswahili nilitazamia lingekuwa jepesi, halikuwa. Kidato cha Tatu walitaka kuongeza habari za Abushiri bin Salim, aliyeongoza upinzani dhidi ya Wajerumani kuanzia 1888 na kunyongwa Pangani Desemba 1889. Kila mmoja alikuwa na la babu yake. Lakini Wikipedia inataka chanzo kilichochapishwa, na "babu alisema" si chanzo. Wakakasirika. Nami nilikasirika kidogo pamoja nao, kwani katika mji kama huu mengi hayajachapishwa na huenda yasichapishwe. Tukaamua yenye kitabu yaende Wikipedia, yaliyo mdomoni yaandikwe kwenye daftari la darasa, na juu ya kila habari aandikwe aliyeisema na mahali ilipopokewa. Hilo daftari limejaa kuliko nilivyotarajia. Wikipedia tumeongeza sentensi chache, zote zenye chanzo, na wanajua tofauti ya vitu hivyo viwili kuliko wanafunzi wengi wa chuo.

Akili mnemba imefika Pangani, ndiyo, kwa simu ya kaka mkubwa. Nilijua nilipoletewa insha ya mazingira inayoanza na "Katika ulimwengu wa leo unaobadilika kwa kasi". Haikuwa na kosa la tahajia hata moja. Haikuwa na mkoko, wala kaa, wala mtu. Sikugomba. Niliipeleka kwenye kundi kama nyingine, nikasubiri. Hakuna aliyebisha, hakuna aliyeuliza, ukapita usiku mzima bila sauti moja. Asubuhi mwenye insha akaja, "Madamu, mbona hawasemi kitu?" Nikamwambia hata mimi sina la kusema, maana hujasema kitu. Tukaenda kibarazani, nikamwashia simu, akasimulia jinsi ufukwe wa kwao unavyoliwa na bahari mpaka mnazi wa babu yake ukaanguka. Hiyo ilipata majibu.

Niseme pia upande ambao hauna cheko. Wakati fulani kundi lilikuwa wazi, kila aliyeongezwa aliongeza mwingine, na mwanamume mmoja ambaye hakuna aliyemjua ni mzazi wa nani akaanza kuniulizia namba ya binti aliyeandika insha fulani. Nilimwondoa, nikampeleka kwa mkuu wa shule na jumbe zake zote, na kundi likafungwa upya. Sasa kila mwanafunzi ana mzazi au mlezi mmoja mle ndani, ninayemjua kwa sura. Jina la mtoto haliandikwi, picha yake haipigwi, na namba ya mtu haitolewi, hata kwa shangazi. Kazi za Kwale zinapitia kwa walimu wawili tu.

Na kuna insha ambazo zinastahili msomaji mmoja. Niliwahi kutoa mada "Siku nisiyoipenda", na mtoto akaandika kuhusu Ijumaa jioni nyumbani kwao, baba akishalipwa. Hiyo haikupigwa picha wala kusahihishwa. Ilikwenda kwa mwalimu wa ushauri na unasihi, na mwenyewe akiwa ameridhia. Tangu hapo kila karatasi ina alama juu, mwanafunzi anaiweka mwenyewe: duara likiwa wazi, itumwe, likiwa limezibwa, ni ya madamu tu. Zilizozibwa ni nyingi kuliko mgeni angedhani, na nyingine ndizo bora kabisa.

Mkuu wangu ameniuliza kama haya yote yanaonekana kwenye matokeo ya Kidato cha Nne. Nimemjibu kwamba insha kwenye mtihani wa NECTA ni swali moja kati ya mengi na msahihishaji wake habishi. Alicheka, akaniruhusu niendelee, ila bando ninunue mwenyewe.

Aliyebaki ni kijana mmoja wa Kidato cha Pili. Sauti zake ni hazina, baba yake mvuvi, anaweza kukupeleka baharini na kukurudisha umelowa. Kuandika hataki. Ukimpa sauti yake aiandike, anaandika mistari miwili na kuuliza kama kengele imelia. Nimejaribu kumweka na mwenzake: yeye asimulie, mwenzake aandike, kisha amsomee. Juma lililopita mwenzake alisoma mahali alipoandika kwamba baba wa huyu huvua kwa juya, ule wavu wa kukokota. Kijana akasimama. Baba yangu havui kwa juya, juya limekatazwa, unataka baba yangu akamatwe? Ni jarife! Mwenzake akasema, kwani yote si ni nyavu tu? Akanyang'anywa penseli, na kijana akakaa pale kibarazani mpaka wenzake wakapanda pantoni ya jioni, akiandika tofauti ya jarife na juya. Ameniachia karatasi mezani. Duara liko wazi, na chini yake ameandika kwamba itumwe kwa baba yake kwanza, kabla ya kundi.